Mjane wa Kizimba Namba Tisa

Vijana wenzangu wa kituo, mliniomba niandike machache kabla sijarudisha ufunguo. Ufunguo nimesharudisha, machache yamekuwa mengi, na sehemu kubwa ni ya kuwaonya. Vyeo sitavitaja kwa sababu havikuwepo. Mshahara mnaujua, maana ni huohuo wenu. Nitaandika habari za panzi, za watu walionifundisha kuwasikiliza, na za kizimba namba tisa, ambacho mnakinyunyizia maji kila asubuhi bila kujua kwamba ndicho kilichomnyima panzi mmoja jina la mke wangu.

Nilikuja kituoni nikiwa kijana wa Kibosho mwenye cheti cha darasa la saba na viatu vya kaka yangu. Aliyenipokea ni Mzee Kornel wa Uru, mkusanyaji wa wadudu, mwembamba kama mpini wa jembe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fumba macho."

Nilidhani nitapigwa kofi. Nikafumba.

"Unasikia nini?"

"Mto."

"Kingine?"

"Mbuzi."

"Kingine?"

"Mama anamgombeza mtu ng'ambo ya mto."

"Anamgombezea nini?"

"Amemwaga maziwa."

"Fumbua. Kazi umepata. Waliokutangulia asubuhi hii wote walisikia mto tu."

Vifaa vyake vilikuwa vichache na ninyi mnavicheka, lakini bado vinafanya kazi. Mwamvuli mweupe, unaoushika chini juu, kisha unapiga kichaka kwa fimbo ya mti wa kahawa na wadudu wanaangukia ndani. Penseli, iliyofungwa kwa uzi shingoni. Kalamu ya wino ni ya watu wa mjini. Ukungu wa msituni unaifuta kabla hujamaliza sentensi. Na viberiti vitupu, vingi, kila panzi na chumba chake. Hawa panzi wetu hula wenzao. Ukiwaweka wawili wenye njaa kwenye kiberiti kimoja, unafika kituoni na mmoja aliyeshiba.

Msidhani nazungumzia panzi wale wanaokimbizwa na watoto kwenye mahindi. Hawa wanakaa kwenye vichaka vya msituni, ni wa kijani, wana vipapasio virefu kuliko mwili, na hawaruki. Mabawa yao yamebaki vipande viwili vidogo mgongoni, kama kucha. Dume huvisugua vile vipande, akaimba, na jike akipendezwa anamfuata. Ndiyo kazi pekee iliyobaki ya mabawa.

Wiki ya pili Mzee Kornel alinituma Uru, ukingoni mwa msitu, nikapige vigingi ishirini kuonyesha njia tutakayopita kila mwezi kuhesabu panzi. Njia ilikatiza ndani ya kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, cha mama mmoja mjane aitwaye Mama Sabina, aliyekuwa ametukubalia kwa moyo mweupe. Sikuwa na vigingi. Nikaona isale limesimama pale, limenyooka, laini kwa panga. Nikakata, nikapigilia vipande ishirini kwa mstari, nikarudi nyumbani nikijisifu.

Asiyetoka kwetu hataona kosa. Isale ni mmea tunaoupanda kwenye mipaka. Ukichomeka kipande chake ardhini hakifi, kinaota. Na kikishaota, hakuna mzee wa ukoo atakayekubali kwamba pale si mpaka. Niliyajua hayo yote tangu utotoni. Nilifikiri tu kwamba kigingi cha kazi ya kisomi hakioti.

Masika yalipopita, Mama Sabina alikuja kituoni na panga na mashemeji watatu.

"Nani Massawe?"

"Shikamoo, mama. Ni mimi."

"Hiyo shikamoo kaa nayo. Umepanda mpaka katikati ya kihamba cha marehemu mume wangu. Migomba yangu sita iko upande wa pili. Sasa ni ya nani?"

"Ni yako, mama. Vile vigingi ni vya panzi."

"Hao panzi ni wa ukoo gani?" shemeji mmoja akauliza, naye hakuwa anatania.

Tuling'oa vyote ishirini mbele ya ukoo mzima. Kisha nikaenda na ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, na jani la isale lililofungwa fundo, kwa sababu kwetu ukimkosea mtu ukamletea jani hilo, hapaswi kukukatalia msamaha. Mama Sabina aliliangalia jani, akaliangalia rundo la vigingi vilivyochipua, akasema, "Umeniletea ugomvi kwa isale na msamaha kwa isale. Kwenu Kibosho hakuna mmea mwingine?"

Tukiwa njiani kurudi nilitegemea Mzee Kornel anifukuze kazi. Badala yake alianza kucheka peke yake, kisha akanifundisha somo ambalo wasomi waliokuja baadaye walinifundisha kwa maneno marefu zaidi.

"Umeona ulichofanya?" alisema. "Ndivyo mlima ulivyofanya kwa panzi. Zamani msitu ulikuwa mmoja, umeuzunguka mlima kama mshipi. Ukaja ukame, ukakausha hapa, mto ukachimba bonde pale. Panzi wa huku na panzi wa kule hawakugombana. Waliwekewa mpaka tu, na hakuna aliyekusudia. Mpaka ukaota. Huku wakazaliana wenyewe kwa wenyewe, kule vilevile. Kila kizazi kikibadilika kidogo, na mabadiliko ya huku hayafiki kule. Sasa siku mpaka ukiondoka, wakikutana, utakuta wameshasahau namna ya kuchumbiana. Hapo unao panzi wa aina mbili."

"Inachukua muda gani?"

"Nyinyi watu wa Kibosho mmetengana na watu wa Rombo kwa mabonde machache, na Kichagga chenu hamuelewani. Panzi wameanza zamani kuliko nyinyi."

Kuhusu mabawa nilikuwa mbishi zaidi. Mimi niliamini kwamba panzi wa juu waliacha kuruka kwa uvivu, mabawa yakasinyaa, na watoto wakarithi usinyaaji. Mzee Kornel alisema mtu yeyote anayesema panzi "aliamua" achapwe fimbo ya mti wa kahawa. Kwa maelezo yake, katika kila uzao walikuwepo wenye mabawa marefu kidogo na wenye mafupi kidogo. Huko juu kwenye baridi, aliyeruka alipeperushwa na upepo hadi kusikokuwa na chakula, au alionwa na ndege. Isitoshe, bawa ni chakula: anayejenga bawa kubwa anabakiwa na kidogo cha kujengea mayai. Wenye mabawa mafupi wakaacha watoto wengi zaidi, na watoto wakafanana na wazazi. Ukirudia hivyo maelfu ya vizazi, umebaki na kucha mbili mgongoni. Hakuna panzi hata mmoja aliyebadilika. Uliobadilika ni ukoo.

Nilimwitikia, ndiyo mzee, ndiyo mzee, kisha nikaenda nyumbani kumhakiki. Nilikamata panzi wa kawaida wa kwenye majani, wale wanaoruka, nikawakata mabawa kwa mkasi wa kushonea wa mke wangu. Watoto wao wakakua na mabawa. Nikawakata na wao. Wajukuu wakakua na mabawa. Nilifika kizazi cha tano ndipo Apolonia alipotafuta mkasi wake akaukuta umejaa vitu vya ajabu.

Nilimweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akafuta mkasi kwa kanga, akasema, "Baba Neema, ungeniuliza tu mimi. Ukoo wenu wanatahiriwa tangu enzi za mababu wa mababu, na kila mtoto wa kiume mnayezaa bado anazaliwa anamngoja ngariba."

Hapo nilielewa. Mzee Kornel nilipomsimulia alikaa chini kwa kucheka.

Apolonia alikuwa mtu wa Tarakea, kule Rombo, karibu kabisa na mpaka wa Kenya. Nilimwona kwenye harusi ya binamu yangu, nikamtuma mshenga mara nne, na ilimchukua miaka miwili kunijibu. Alipokuja kwetu Kibosho yeye na mama yangu walizungumza Kiswahili miaka mitatu mfululizo, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye asiyejua Kichagga. Binti yetu Neema alikulia katikati yao. Mpaka leo sentensi yake huanzia Kibosho na kuishia Tarakea, na pande zote mbili zinamcheka.

Watu waliniuliza maswali mengi kuhusu kazi yangu, hasa kanisani. Mama mmoja katekista alinishika mkono baada ya misa: "Aloyce, ni kweli mnafundisha kwamba nyani ni babu yako?" Nikamwambia, "Mama, mimi nimeajiriwa kwa panzi. Nyani ni idara nyingine." Apolonia hakuuliza. Yeye alisikiliza. Jioni moja amekaa mlangoni anachambua mboga, akasema bila kuinua kichwa:

"Panzi wenu haimbi kama wa kwetu."

"Panzi ni panzi."

"Wa kwetu anabisha hodi. Ko-ko-ko, haraka, mara tatu. Huyu wenu anaburuta kiti. Krrr, halafu krrr. Kama mtu mzito anayeinuka mezani."

Nilikuwa nimewasikiliza panzi kwa miaka kumi na mingapi huko, na sikuwahi kugundua. Nilikuwa napiga vichaka upande wangu wa mlima tu. Tulipokwenda kwao kusalimia nilikwenda na viberiti, nikarudi navyo vimejaa, na kweli: wa Kibosho waliburuta kiti, wa Rombo walibisha hodi. Kwa macho huwezi kuwatofautisha.

Mzee Kornel alikuwa ameshastaafu. Mkuu mpya alikuwa Dokta Naetwe, Mpare wa Mwanga, mwanamke mwenye miwani na subira ya kutisha. Sisi na Wapare ni watani, kwa hiyo alinikaribisha ofisini kwa kuuliza kama nimekuja kumuuzia kitu. Nilimfungulia viberiti viwili. Alisikiliza nusu saa.

"Nani amegundua hili?"

"Mke wangu. Akichambua mboga."

"Mchagga wewe, ungeweza kusema ni wewe."

"Ningeweza."

Ndivyo nilivyogeuka mshenga wa panzi. Mpango wa Dokta ulikuwa rahisi kuueleza. Wanyama wawili ni spishi moja kama wanaweza kuzaana, na watoto wao nao wakazaa. Kama hawataki au hawawezi, ni spishi mbili hata wakifanana kama mayai. Basi tuwakutanishe, tuone. Dume la Rombo na jike la Kibosho, jike la Rombo na dume la Kibosho, siku tatu kwa kila wachumba, maana vizimba vilikuwa vichache na wachumba wengi. Pembeni tuliweka na wa upande mmoja wenyewe kwa wenyewe, tuhakikishe kwamba vizimba vyetu haviwaudhi.

Yako mambo mawili ambayo lazima myashike. La kwanza, jike wa kujaribiwa achukuliwe akiwa tunutu, kabla hajakomaa, akuzwe peke yake. Jike akishakutana na dume huwezi tena kujua mayai ni ya nani. La pili, panzi hawa huimba giza likiingia, na mimi usiku nalala. Kwa hiyo saa sita mchana tulifunika vizimba kwa blanketi zito tukawadanganya kuwa kumekuchwa. Waliamini kila siku. Ukinywa chai ya mchana kando ya blanketi lile ukasikia madume thelathini yanachumbia, unajua kwamba duniani si wewe peke yako unayedanganywa.

Wa upande mmoja walioana kabla sijafunga mlango vizuri. Wa pande mbili, hakuna. Dume la Rombo linabisha hodi weee, jike la Kibosho limegeukia ukutani. Msimu baada ya msimu niliandika kwa penseli neno moja: hakuna, hakuna, hakuna. Daftari langu lilifanana na duka la kijijini.

Dokta alianza kuandika ripoti yake ya kutangaza spishi mpya.

Mwaka huo Apolonia alifariki. Ilikuwa asubuhi, ameshabandika ndizi jikoni. Sitaandika zaidi hapo. Ndizi niliziepua mimi.

Dokta Naetwe alikuja kwenye matanga, akakaa na akina mama, akamenya ndizi pamoja nao. Alipoaga alinivuta pembeni karibu na kaburi, ambalo lipo kwenye migomba kama ilivyo desturi, akasema kwa sauti ndogo kwamba panzi wa Rombo anahitaji jina, na jina la kisayansi likishatolewa halifutwi, litasomwa na watu wa nchi ambazo hatutazijua. "Nitampa la Apolonia," alisema. "Yeye ndiye aliyemsikia kwanza."

Niliitikia kwa kichwa. Nilirudi kazini baada ya wiki mbili na jina lile ndilo lililonipandisha mlima kila asubuhi.

Sasa ndiyo nafika kwenye kosa.

Katika kizimba namba tisa kulikuwa na mke na mume, wote wa Rombo, wale wa kuhakikishia. Siku niliyorudi nilimkuta dume amekufa. Jike alikuwa ameng'ang'ania wavu upande mmoja, hali, hasogei. Kizimba namba kumi kilikuwa na dume wa Kibosho anayesubiri zamu, peke yake, anaburuta kiti kutwa nzima. Wavu kwa wavu. Kanuni ya kazi ilikuwa wazi: jike ambaye ameshaolewa hatumiki tena. Mwache afe.

Nilifungua mlango nikamhamishia dume.

Sikuandika daftarini. Nilijiambia ni kwa muda, nitamtoa Jumatatu. Jumatatu ilipofika niliwakuta wamekaa kwenye jani moja, sikuwa na moyo. Wakakaa mwezi mzima, mpaka wakafa kwa uzee mmoja baada ya mwingine. Nikasafisha kizimba lakini bakuli lenye udongo wa kutagia mayai nikaliacha mahali pake. Mvua ziliponyesha nilifunua blanketi nikakuta tunutu, wadogo kama punje za ulezi, wanapanda wavu.

Nilielewa palepale. Kama hawa ni watoto wa dume la Kibosho, basi panzi wa Kibosho na wa Rombo wanazaana, na kama wanazaana si spishi mbili, na kama si mbili hakuna jina. Dirisha lilikuwa wazi. Msitu uko hatua ishirini. Ningewakung'uta nje, na mtu pekee duniani ambaye angejua ni mimi.

Nilikaa na siri hiyo siku nne. Naandika nne kwa sababu zilikuwa nne. Ningependa ingekuwa moja.

Siku ya tano nilikata jani la isale nyuma ya nyumba, nikalifunga fundo, nikaenda nalo ofisini. Dokta alikuwa anajua kisa cha Mama Sabina; kila anayeajiriwa kituoni husimuliwa siku ya kwanza. Aliliona jani akacheka.

"Mzee Aloyce, leo umekuja kuniwekea mpaka ofisini?"

"Hapana, Dokta. Leo ni lile lingine."

Akaacha kucheka.

"Kizimba namba tisa kimezaa," nikasema.

"Vizuri. Si ni wa Rombo kwa Rombo?"

"Mume alikufa. Nilimwekea jike dume wa Kibosho."

"Kwa nini?"

"Alikuwa peke yake."

Alivua miwani. Alichukua muda mrefu kuifuta.

"Mzee Aloyce, yule ni panzi."

"Najua, Dokta."

"Walikaa pamoja siku ngapi?"

"Mwezi."

"Mwezi! Na daftarini?"

"Hakuna."

Aliinuka akaenda dirishani. Nilitegemea hasira, na ningeipokea. Alipogeuka alikuwa tayari anafikiri, maana ndivyo alivyo.

"Jike huhifadhi mbegu za dume mwilini. Anaweza kuzitumia hata baada ya dume kufa. Hao tunutu wanaweza kuwa watoto wa marehemu."

"Kwa desturi za kwetu, hata wasingekuwa wake, wangehesabiwa watoto wa marehemu."

"Mchagga, sayansi haina wazee wa ukoo wa kuketi na kuamua."

"Sasa tutajuaje?"

"Tutasubiri madume wakue waimbe. Wimbo unarithiwa. Wakibisha hodi kama Rombo tupu, baba yao ni marehemu, na ripoti inasimama. Wakichanganya..."

"Na jina?"

"Wakichanganya, sina haki ya kulitoa."

Alilichukua jani la isale, akaliweka juu ya karatasi zake. "Ungeweza kuwamwaga dirishani nisijue."

"Apolonia angejua."

Tulituma vipande vya miguu yao mbali, kwenye maabara ya vinasaba, lakini majibu ya huko husafiri polepole kuliko maisha ya panzi. Tukawa tunasubiri wimbo.

Sijawahi kulea kitu kwa uangalifu kama nilivyowalea wale tunutu. Kila mmoja kwenye chupa yake, jani jipya asubuhi, maji kwa brashi. Nataka niwe mkweli: kila siku niliwaombea wawe watoto wa marehemu. Niliwahi hata kuwasemesha. "Bisheni hodi," niliwaambia. "Hodi tatu. Si vigumu." Mzee mzima, anawafundisha panzi kubisha hodi. Kama kuna aliyewahi kunisikia kupitia ukutani, namshukuru kwa kukaa kimya.

Walipovua ngozi ya mwisho walitokea madume watano. Saa sita mchana tuliwafunika blanketi, mimi na Dokta tukakaa juu ya ndoo zilizopinduliwa. Alikuwa na kinasa sauti. Mimi nilikuwa na masikio.

Dakika nyingi zilipita. Kisha mmoja akaanza.

Krrr. Aliburuta kiti. Halafu, bila kupumzika: ko-ko-ko.

Kiti, kisha hodi. Akarudia. Wa pili akaingia, kiti kirefu zaidi na hodi mbili tu. Wa tatu alianza na hodi, akakwama, akaburuta. Watano wote, kila mmoja na mchanganyiko wake.

Dokta alizima kinasa sauti. Hakuna kati yetu aliyefunua blanketi.

"Majike yote ya Rombo niliyoyajaribu yalikataa," alisema baadaye. "Yote. Msimu baada ya msimu. Huyu alikubali kwa nini?"

"Mimi wengine niliwapa siku tatu, kama ulivyoagiza. Huyu nilimpa mwezi." Kisha nikaongeza, kwa sababu ni kweli, "Apolonia mwenyewe ilimchukua miaka miwili kunijibu. Kwa siku tatu nisingempata."

"Ungeniambia hilo tulipokuwa tunapanga jaribio!"

"Hukuniuliza, Dokta. Wewe uliuliza habari za panzi."

Ndipo akacheka, na mimi nikacheka, na nikafuta macho, na yeye akajifanya anatafuta kifuniko cha kinasa sauti. Baadaye tuliwapeleka wale madume kwa majike wa Kibosho na wa Rombo. Wengi walikataliwa, wawili walikubaliwa, na wajukuu mnao mpaka leo. Dokta anasema panzi wetu si spishi moja kamili na si mbili bado. Wako njiani, na njia hiyo ni ndefu kuliko umri wangu na wake. Huko msituni pengine wasingekutana kabisa. Mimi ndiye niliyefungua mlango. Lakini mlango bado unafunguka, na hilo ndilo aliloliandika.

Nilimwomba alifute jina mimi nikiwepo. Alifungua kompyuta akalifuta herufi moja moja, kutoka nyuma kwenda mbele, na mwishoni ilibaki A peke yake kwa muda kidogo. Kisha nayo ikaenda. Aliniuliza kama aliandike Apolonia mahali pa shukrani. Nikasema liandikwe jina na kijiji, na kwamba alisikia akichambua mboga. Limeandikwa hivyohivyo.

Kwa hiyo, vijana, wapeni muda. Andikeni daftarini hata yale ya aibu, hasa yale ya aibu. Na msikate isale kwa vigingi.

Siku yangu ya mwisho Neema alikuja kutoka mjini, anakofundisha, kunichukua. Sikuwa nimewahi kumsimulia kisa cha kizimba namba tisa. Kuhusu jina la mama yake nilimwambia tu kwamba halikufaulu. Ilikuwa mchana, nikamwambia akae kwenye ndoo, nikashusha blanketi. Mmoja wa wale wajukuu akaburuta kiti, akabisha hodi.

Neema aliinamisha kichwa upande, kama mama yake alivyokuwa anafanya. Alisikiliza mara tatu, akatabasamu.

"Baba," alisema, "huyu, mama yake ni mtu wa wapi?"

"Wa Tarakea," nikamjibu.